Siku Wafula Alipokata Sinendet

Nimesikia mmechukuliwa kundi zima, vijana, kwenda kusafisha magugu kwenye msitu wa serikali kule juu. Hongera. Nimesikia pia mmepewa gambuti mpya na glavu, na kwamba mmoja wenu alijipiga picha akiwa ameinua panga kama anaenda vitani, akaituma kwa kila mtu. Sawa tu. Mimi ni Mama Naliaka wa Kimumu. Nimestaafu, magoti yamenikataa, lakini mdomo bado uko kazini. Hiyo kazi yenu niliianza nikiwa msichana asiyejua miti ya podo na saiprasi inatofautianaje, nikaiacha nikiwa nyapara ambaye watu walimwona kwa mbali wakazima sigara. Kwa hivyo kaeni mnisikilize, na huyo anayechezea simu aiweke mfukoni kidogo.

Mtu akiwaambia kazi ya magugu ni kufyeka, mwacheni na ujinga wake. Kufyeka hata mbuzi anaweza, na halipwi. Kazi yenyewe ni kujua unaacha nini. Magugu ya msituni si kama ya shamba la mahindi, ambapo kila kitu kisicho hindi ni adui. Msituni unaingia mahali pana mimea ya kila aina, mingine imekuwa hapo kabla babu ya mtu yeyote hajazaliwa, mingine imeletwa juzi ikajifanya mwenyeji. Ukikosea, huwezi kuomba msamaha ukarudisha. Kuna kosa moja lililofanywa na mdogo wangu Wafula, mtoto wa mama yangu kabisa, ambalo lilibaki kidogo tu limnyang'anye kazi aliyoingojea kwa miaka. Hiyo nitawaambia, kwa sababu ninyi ndio mnaoelekea hapo hapo alipokuwa amesimama. Lakini kwanza mjue tulikuwa tunapambana na nini.

Adui wa kwanza ni mti wa wattle. Najua nyumbani kwenu mnaipenda. Kuni zake zinawaka hata zikiwa hazijakauka vizuri, makaa yake ni mazito, nguzo zake zinasimama. Mimi mwenyewe nimepika chakula cha wanangu wote kwa wattle na sina haya kusema. Ikikaa shambani kwako, ni mali. Ikiingia msitu wa mitarakwa na podo, ni mgeni aliyekuja kulala usiku mmoja na sasa anakuuliza kwa nini umekaa kwenye kiti chake. Inafunga kivuli, inakunywa maji ya kijito, na chini yake hakuna mche wa mti mwingine unaoinua kichwa.

Sasa, nilipoanza, sisi tulikuwa wajanja. Tuliikata wattle upande mmoja wa mlima, tukarundika matawi, tukayachoma moto. Kulikuwa safi. Tulipita pale tukijisifu kama watu waliofagia kanisa. Nyapara wetu, Mzee Kibet, alikuwa likizo wakati huo, amekwenda kwake kulima. Aliporudi, mvua ilikuwa imenyesha vizuri, akatupeleka pale pale. Jamani. Ardhi yote ilikuwa kijani, wattle imeota nyororo, imebanana, kama kitalu cha sukuma wiki. Mbegu za wattle zina ganda gumu, zinaweza kukaa udongoni miaka na miaka zimelala. Moto ndio unaozifungua. Sisi tulikuwa tumeziamsha zote kwa siku moja.

Mzee Kibet hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Alikaa kwenye kisiki, akavua kofia, akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akasema, "Haya. Nyinyi mlipanda, nyinyi mtang'oa." Na tuling'oa. Mche mmoja mmoja, kwa mikono, migongo imepinda, hadi msimu ukaisha. Ndipo nilipojifunza vitu ambavyo bado ni kweli leo. Mche wa wattle ung'olewe baada ya mvua, udongo ukiwa laini, na uutoe na mzizi wake wote. Usiende na jembe wakati wa kiangazi ukajidai una nguvu, utakata mzizi katikati na utarudi mwaka ujao kukuta umechipuka kwa hasira. Mti mkubwa ukiukata, kata chini kabisa, kisha uambue gome la kisiki mpaka chini ya udongo. Ukiacha gome hata la upana wa vidole, kisiki kinachipua.

Siku hizi mna dawa ya kupaka kwenye kisiki. Dawa ni nzuri, sisemi ni mbaya, mimi si wale wazee wanaodhani kila kizuri kiliisha walipostaafu. Ingekuwepo wakati wetu mgongo wangu ungekuwa bado mnyoofu. Lakini ipake mara tu baada ya kukata, kabla kisiki hakijakauka uso. Usiipake mawingu yakiwa yameinama. Na karibu na kijito usiipake kabisa, rudi kwenye mikono yako, kwa sababu kuna ng'ombe wanaokunywa huko chini na kuna watu wanaokunywa maziwa ya hao ng'ombe, na mmoja wao ni mimi.

Adui wa pili ni huyu aliyetuletea taabu niliyowaahidi. Ni pasheni ya porini. Si ile pasheni ya sokoni, ya zambarau. Hii inatambaa, ina ua la waridi linaloning'inia vizuri sana hata unaona vibaya kuling'oa, na tunda lake ni refu, la manjano, kama ndizi ya mtoto. Ni tamu. Hapo ndipo shida ilipo, kwamba ni tamu. Inapanda juu ya podo, inafika kileleni, inatandaza blanketi, na mti ulio chini unakosa jua unakufa umesimama. Matawi yakizidiwa na uzito yanavunjika. Nimeona mtarakwa mzee ukivutwa chini na kitu ambacho mtoto anaweza kukikata kwa kisu cha jikoni.

Tuliipiga vita asubuhi yote. Saa ya chakula tunakaa kivulini, mtu anatoa githeri yake, mwingine chapati na maharagwe, na baada ya hapo tunafanya nini? Tunakula matunda ya pasheni. Bure, matamu, yameanguka pale pale. Kisha kila mtu, baada ya kushiba, anajua kuna mahali anapaswa kwenda. Wanaume walikuwa na upande wao nyuma ya mawe, sisi wanawake upande wetu nyuma ya vichaka. Hatukufikiria lolote. Mpaka siku moja Mzee Kibet akatuita, sura imekaza, akatupeleka kwanza nyuma ya mawe, halafu nyuma ya vichaka. Miche ya pasheni ilikuwa imejipanga huko, imenona, ina rangi nzuri kuliko yote tuliyowahi kuona, na sote tulijua imepata wapi mbolea.

"Nataka mtu anyooshe mkono," akasema. "Hii moja ni ya nani?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Wafula ndugu yangu akasema kwa sauti ndogo, "Mzee, hiyo kubwa inafanana na ya kwetu Bungoma." Watu walicheka mpaka wengine wakalala chini. Toka siku hiyo ikawa sheria: ukiwa kazini hauli tunda la pasheni, na ukilikuta limeiva unalifukia kwenye shimo refu. Nilipokuwa nyapara niliiendeleza sheria hiyo, na nitashukuru nikisikia mmeiendeleza. Najua ni tamu. Nunueni maembe.

Sasa Wafula. Mimi nilikuja mjini kwanza, nikapata kibarua, baadaye nikaandikwa kazi ya kudumu. Yeye akanifuata. Nilikuwa na chumba kimoja mtaa wa Huruma, nikakigawa kwa pazia, akalala upande wa jiko. Miaka ikapita akiwa kibarua wa leo unaitwa, kesho unaambiwa subiri. Mnajua hiyo kazi. Ni kazi ya mtu anayeamka asubuhi akiwa hajui kama ameamkia kitu. Mama yetu huko nyumbani alikuwa akiuliza katika kila salamu, je, mtoto ameandikwa? Na kila mara nilijibu, karibu, mama, karibu.

Halafu nafasi moja ikatoka. Moja tu. Mzee Kibet akampendekeza Wafula, na Bwana Misitu wa wakati ule akakubali, akasema ataandika majina mwisho wa mwezi. Kijana akaanza kutembea kama mwenye gari. Akaacha hata kuvaa ile kofia yake iliyotoboka.

Na Wafula alistahili, mjue hilo. Alikuwa na mkono mwepesi. Sisi tulifanya kazi kwa kipande, nyapara anakupimia eneo lako, anachomeka vijiti, ukimaliza unakwenda zako. Wafula alikuwa akimaliza wakati wengine ndio wanatafuta mahali pa kutundika sweta. Alipita na panga chini chini, chap chap chap, anakata kila kamba inayopanda mti, anaiacha juu ikauke yenyewe. Kwa pasheni hiyo ni njia nzuri, ilimradi urudi kung'oa mzizi. Hauwezi kuivuta kutoka kileleni ikiwa mbichi, utaangusha nusu ya mti. Unakata chini, unaiacha inyauke, basi.

Shida ni kwamba ukiwa chini unaona shina tu. Shina la kamba ni shina la kamba. La kahawia, limejisokota, lina vumbi. Majani yako juu huko kwenye jua ambako hauoni mpaka uinue shingo.

Katika ule msitu, pembeni mwa uwazi ambapo ng'ombe walikuwa wakilishwa, kulikuwa na sinendet. Ninyi mlio wa hapa mnaijua. Wengine mliotoka kwetu magharibi, au upande wa kati, mmeiona bila kuijua. Mwanariadha akirudi na ushindi, akivishwa ile kamba ya mmea wa kijani shingoni na kupewa mursik anywe, yale maziwa ya kibuyuni, ile ndiyo sinendet. Wazee wakimheshimu mtu wanamvisha. Na vijana wao wanapotoka jandoni, siku ile ya sherehe, wazazi wanavishwa. Mambo ya jandoni kwenyewe siyajui, mimi si wa huko na sijawahi kuuliza. Ninachojua ni kwamba haichukuliwi mahali popote kama mtu anayechuma mboga. Wale wazee wa kijiji kinachopakana na msitu walikuwa na yao, ile moja, waliyoitunza tangu wakati wa baba zao. Nyingine zilikuwa zimekwisha, huku wattle, huku makaa, huku pasheni.

Mmeshajua kilichofuata. Wafula alipita pale, chap, akaenda zake.

Hakuna aliyeona. Ilikauka juu ya mti polepole. Tuligundua wakati wazee walipokuja kuiangalia, kwa sababu sherehe ilikuwa inakaribia. Aliyekuwa na mtoto wa kutoka jandoni mwaka huo ni Mzee Chumo, mtu mfupi, mkimya, ambaye sauti yake hauisikii mpaka usogeze sikio. Walikuja ofisini, yeye na wenzake, wakakataa viti. Alikuwa ameshika kipande cha kamba iliyokauka. Akaiweka mezani kwa Bwana Misitu.

"Ni nani alikata hii?"

Mzee Kibet alikuwa amesimama mlangoni. Yeye pia ni wa kwao, alielewa kabla sisi hatujaelewa, na nikaona uso wake unabadilika. Alitoka nje, akatutazama sote, akauliza kipande cha pale uwazini kilikuwa cha nani. Wafula hakujificha. Alisema, "Ni changu, Mzee. Kwani kuna nini?" Hakujua hata kuna nini. Ndipo akaambiwa.

Mzee Chumo alimtazama kutoka mlangoni, halafu akamwambia Bwana Misitu, si Wafula, "Hii kijana sitaki kuiona tena ndani ya msitu." Wakaondoka. Hawakutukana, hawakupiga kelele. Mimi nilitamani wangepiga kelele.

Bwana Misitu hakuwa mtu mbaya. Alituita, Wafula, mimi na Mzee Kibet, akasema wazi kwamba msitu unalindwa na watu wanaokaa kando yake kuliko unavyolindwa na askari wake wachache. Hao wazee ndio wanaopiga simu wakiona moto. Ndio wanaozuia wachoma makaa. "Siwezi kumwandika mtu ambaye wamemkataa," akasema. "Na mwisho wa mwezi ndio huu unakuja. Mpaka hapo atafanya kazi hapa kitaluni." Alikuwa anasema ukweli.

Jioni ile Wafula alikaa upande wake wa pazia bila kuwasha taa. Nikamletea ugali, hakula. Akasema, "Dada, nikirudi nyumbani nitamwambia mama nini? Kwamba nilifukuzwa kwa kukata kamba?" Nilimwonea huruma. Na nilimkasirikia pia, msidhani sikumkasirikia. Nilimwambia, "Kula kwanza. Hakuna mtu anayefikiria vizuri na njaa." Hiyo ndiyo hekima yote niliyokuwa nayo.

Asubuhi Mzee Kibet alitungoja barabarani. Alisema, "Nilipokuwa kijana nilionyeshwa nyingine. Kule bonde la chini, juu ya kijito, karibu na podo iliyopasuliwa na radi. Sijui kama iko. Hakuna mtu ameenda huko tangu pasheni ifunge njia." Halafu akamgeukia Wafula. "Ukiiona, usiguse na panga. Vunja jani. Kama inatoa maziwa, ni yenyewe. Pasheni haina maziwa." Sikilizeni hapo, vijana, kwa sababu huo ndio ufundi niliobaki nao kwa maisha yangu yote. Pasheni ina vishikio vidogo vilivyojikunja kama springi, inavitumia kukamata matawi. Sinendet haina vishikio, inajizungusha yenyewe tu. Jani la pasheni lina vidole vitatu, la sinendet ni jembamba, linang'aa. Na ukilivunja linatoa utomvu mweupe. Simu zenu zinatambua jani, nimeona, ni kitu kizuri sana, mjukuu wangu alinionyesha ikataja mchicha wangu kwa jina. Lakini simu haitainua shingo kwa niaba yako.

Tulikwenda, Wafula na mimi, siku yetu ya mapumziko. Kufika tu ilikuwa kazi. Pasheni ilikuwa imefunika bonde lote mpaka hauoni mti gani ni mti gani, ni vilima vya kijani tu na yale maua yake ya waridi yananing'inia kama mapambo ya harusi. Podo ya radi tuliipata kwa kuhisi shina lake kwa mikono. Tukazunguka, tukavunja majani, tukavunja majani. Maji tu. Maji tu. Nilikuwa nimeshakata tamaa, nawaambia ukweli, nilikuwa napanga kichwani nitakavyomwambia mama. Halafu nikamgeukia Wafula. Amesimama na kidole chake amekiinua, na kwenye kidole kuna tone jeupe.

Ilikuwa hai, lakini ilikuwa inanyongwa. Pasheni ilikuwa imepanda juu yake, imejizungusha nayo, vishikio vimeikamata kila mahali, hata hauwezi kuingiza kisu katikati. Wafula aliinua panga kwa mazoea. Nilimtazama tu. Akalitazama panga, akaliweka chini mbali, akavua na glavu.

Tukaanza kufungua. Hivyo ndivyo nitakavyoita, kufungua. Kishikio kimoja kimoja, unakinyoosha kwa kucha, unaiachilia pasheni kipande kidogo, unaivuta taratibu, unaikata kwa kisu kidogo mbali na sinendet, unashika kingine. Ukivuta kwa nguvu, unavunja zote mbili. Yule kijana aliyekuwa anamaliza kipande kabla ya chai alitumia siku nzima kufungua urefu ambao mngeweza kuuruka kwa hatua moja. Hatukumaliza. Tukarudi siku iliyofuata baada ya kazi, na nyingine, na Mzee Kibet akaja kutusaidia, akiwa anapumua kwa shida pale mteremkoni na anakataa kushikwa mkono. Kisha tukachimba mizizi ya pasheni yote iliyoizunguka, mizizi yenyewe, mpaka mwisho wake, tukaibeba kwa gunia tukaenda kuianika juu ya mwamba. Sinendet ilipofunguliwa ilianguka kidogo, halafu ikashikilia tawi la podo. Jua likaingia mle ndani. Wafula alikuwa na damu kwenye vidole na alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeona mtoto wake.

Mzee Kibet ndiye aliyemwita Mzee Chumo. Sijui alimwambiaje, waliongea lugha yao. Alikuja na gambuti zake na fimbo, akashuka lile bonde bila kusaidiwa, sisi nyuma yake tumefuatana kama watoto wa shule. Alisimama chini ya podo. Akavunja jani, akatazama maziwa. Akapitisha mkono polepole juu ya shina, mahali pale ambapo vishikio vilikuwa vimeacha alama, akitafuta nadhani kama kuna mahali panga limegusa. Hakupata. Kisha akatazama chini, kwenye udongo, akaona mashimo mahali mizizi ya pasheni ilikuwa. Alikata urefu aliouhitaji, kutoka juu, akaacha shina, akaondoka bila kumwambia Wafula lolote. Nikajua tumeshindwa. Nilirudi nyumbani nikamwosha Wafula vidole kwa maji ya chumvi, tukakaa.

Sherehe ikapita. Tulisikia nyimbo zikitoka ng'ambo, tukafanya kazi zetu.

Mwisho wa mwezi ukafika. Siku hiyo tulikuwa tumeketi nje ya ofisi, Bwana Misitu ameshatoa karatasi zake, na jina la mtu mwingine lilikuwa limeshatajwa, kijana mzuri tu, hana kosa lolote. Wafula alikuwa amefunga nguo zake kwenye mfuko asubuhi ile, nilimwona. Ndipo Mzee Chumo akaingia. Safari hii alikubali kiti. Mlango ulikuwa wazi na wote tulisikia, ingawa tulilazimika kusogeza masikio.

"Nasikia unaandika mtu leo."

"Ndiyo, Mzee."

"Nani?"

Bwana Misitu akamtajia yule kijana mwingine. Mzee Chumo akatikisa kichwa polepole.

"Hapana. Andika ile ingine. Ile ilikata."

"Mzee, si ni wewe ulisema hutaki kumwona?"

"Nilisema. Nilikuwa na hasira." Akapanga fimbo yake vizuri kati ya magoti. "Hii kijana imeshakosa yake. Haiwezi kukata sinendet tena mpaka ikufe. Wewe ukiniletea hii ingine, hii bado haijakosa. Nitaingoja mpaka ikose, na mimi nimezeeka."

Bwana Misitu alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka, kwa sababu aliona mzee hafanyi mzaha. Akachukua kalamu. Yule kijana mwingine, Mungu ambariki, aliandikwa mwaka uliofuata, na akakosa yake pia, lakini hiyo ni yake aisimulie mwenyewe.

Mzee Chumo alitoka, akampita Wafula pale kwenye ngazi, akampa mkono kidogo tu, akaenda zake. Mimi nilikuwa nalia, sikuficha, nilikuwa nalia kwa sauti mbele ya watu wote wa kazi, na nilikuwa nafikiria jinsi mama atakavyouliza na mimi nitakavyojibu safari hii. Wafula alikuwa amesimama na mfuko wake wa nguo mkononi, amechanganyikiwa kabisa, ananivuta sweta.

"Dada. Yule mzee amenisifu ama amenitusi?"

"Yote mawili," nikamwambia. "Twende tukale."